Timu ya mtaa ya kuwatoa madogo kijiweni: tuanzeje, na nini huwa kinaiua?

MjumbeSombetini

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na timu za watoto, hasa mlioko Arusha na Moshi.

Kamati ya mtaa wetu, kata ya Sombetini jijini Arusha, imekubali kuanzisha mazoezi kwa watoto na vijana wa miaka 9 hadi 17. Kinachotusukuma kinajulikana. Kuna kijiwe cha wakubwa wa miaka ishirini na kitu, na wakubwa hao wanawatumia madogo. Dogo wa miaka 11 anatumwa kuangalia nyumba gani haina mtu. Wa 13 anabebeshwa simu iliyokwapuliwa aipeleke kwa mnunuzi, maana hakuna anayempekua mtoto. Wa 15 tayari anapakiwa nyuma ya pikipiki. Malipo yao ni chipsi, hela kidogo ya kubeti, na jina.

Tulichonacho ni kiwanja cha vumbi, kama nusu ya uwanja wa kawaida; kijana mmoja aliyewahi kucheza ligi ya mkoa; mwalimu mmoja wa shule ya msingi; na shilingi 1,500,000 za michango. Mfanyabiashara mmoja ameahidi jezi na kombe, sharti lake mashindano yaanze mwezi ujao.

Tunataka kujua: tuwagawe vipi? Muda gani? Wale ambao tayari wanaiba tuwapokee au tuwaache kwanza? Wasichana je? Na tutajuaje kwamba inafanya kazi, isiwe tumepata timu nzuri tu na kijiwe kiko palepale?

KochaWaRau

Mjumbe, hongereni. Naanza na jambo ambalo likikosewa mwanzoni ni kazi kubwa kulirekebisha: msiunde timu ya watukutu. Ukiwakusanya wale ishirini ambao mtaa mzima unawanyooshea kidole ukawapa mpira na kocha, umewasaidia kufahamiana. Huyu anajua kufungua geti, yule anamjua mnunuzi wa simu, na njia ya kurudi nyumbani inageuka darasa. Hili limechunguzwa. Mwaka 1999 Dishion, McCord na Poulin walichapisha Marekani uchambuzi wa programu za kuwasaidia vijana wenye mienendo mibaya, wakaonyesha kwamba kuwaweka pamoja kwa makundi kunaweza kuwazidishia ubaya. Mojawapo ya ushahidi wao ulitoka kwenye mradi wa zamani wa Cambridge na Somerville, Massachusetts: wavulana waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja waliishia pabaya kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakusaidiwa chochote.

Kwa hiyo tangazeni timu ya watoto wote wa mtaa: wa mchungaji, wa mama ntilie, wa mwalimu, wa fundi gereji. Katika kundi la 20, wale ambao wameshagusa kijiwe wasizidi watatu au wanne. Marafiki wawili wanaotembea pamoja usiku wawekeni makundi tofauti ya mazoezi. Na jina la timu lisibebe neno lolote la kuokoa au kurekebisha watoto. Hakuna dogo anayetaka kuvaa jezi inayomtangaza kuwa alikuwa kibaka, na mzazi wa mtoto mtulivu hatamleta mwanaye kwenye timu hiyo.

Umri: 9 hadi 11 pamoja, 12 hadi 14 pamoja, 15 hadi 17 pamoja. Msiwachanganye wa 10 na wa 16 kwa kisingizio cha upungufu wa watu, kwa sababu njia ya dogo kuingia kijiweni ni kaka mkubwa anayemvutia. Timu ikimkutanisha na kaka huyo kila siku bila mtu mzima katikati, imefanya kazi ya kijiwe. Watu wazima wawe wawili kila zoezi, hata wakija watoto wanane. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia pembeni nani hayupo, nani kaja na njaa, nani anaitwa na pikipiki iliyosimama barabarani.

Muda ndio dawa yenyewe. Kijiwe hakina likizo na hakiahirishi kwa mvua. Shule zinatoka, mama yuko Kilombero sokoni hadi jioni, na kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili dogo hana mwenyewe. Marekani wamerekodi kwa miaka mingi kwamba siku za shule uhalifu unaofanywa na watoto hupanda saa hizohizo za baada ya masomo. Zoezi moja la Jumamosi asubuhi halimgusi mtu. Fanyeni siku nne: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, saa 10:00 hadi 11:45 jioni. Mwisho uwe 11:45 na si zaidi, maana kwetu huku giza linaingia karibu saa 12:30 na mtoto wa miaka 9 lazima awe mlangoni kwao kabla. Mkifundisha siku chache kuliko hapo, bora ziwe mbili zisizokosekana kuliko nne zinazoyumba. Kocha akikosa mara mbili bila taarifa, wale mnaowahitaji zaidi ndio wanaoondoka kwanza. Hao wameshazoea kuahidiwa na kuachwa.

Zoezi lenyewe: dakika kumi za kuita majina na kuwasha mwili, dakika 25 za ufundi wa kila mtu na mpira wake au wawili kwa mmoja, halafu dakika 50 za mechi ndogo ndogo. Nusu uwanja wenu unatosha viwanja viwili vya mita 40 kwa 20, watano kwa watano, koni au mawe yaliyopakwa chokaa yakiwa magoli. Msipange foleni ya watoto kumi na wanane wakisubiri kupiga danadana, maana dogo aliyesimama dakika saba anaanza kutukana, na baada ya hapo unafundisha nidhamu, mpira umekwisha. Dakika kumi na tano za mwisho wote wakae chini kwa duara, mnaongea kuhusu mechi na jambo moja la mtaani.

Vifaa: mipira namba 4 kwa wa miaka 9 hadi 12, namba 5 kwa wakubwa. Nunueni kumi, ya kushonwa, msichukue ile ya plastiki inayoteleza. Sindano ya pampu ilowesheni maji kabla ya kuiingiza. Ikiingia kavu inapasua valvu na mpira mpya unakuwa unavuja kila siku bila tundu kuonekana. Viwanja vyetu vina mawe makali ya volkano na miiba, kwa hiyo kabla ya kila zoezi watoto watembee mstari mmoja kutoka goli hadi goli wakiokota. Vizibao 20 vya rangi mbili vinawatosha. Jezi ziwe za mwisho kabisa, na daluga msimlazimishe mtoto. Ukidai viatu, yule asiyenavyo ama anaacha, ama anavipata kwa njia unayopigana nayo.

Mfukuzo: usiufanye adhabu ya kawaida. Dogo akitukana au kuchelewa, anakosa mechi ya kwanza ya siku hiyo, anakaa karibu na kocha, halafu anaingia. Adhabu ianze na kuisha siku hiyohiyo. Kumfungia wiki mbili ni kumpa kijiwe wiki mbili. Akileta kisu au akimuumiza mwenzake kwa makusudi, hapo anasimamishwa, lakini awepo mtu mzima mmoja wa kumfuata nyumbani kwao ndani ya siku mbili.

UstawiMoshi

Kocha amesema vizuri. Naongeza upande wa ulinzi, kwa sababu timu nyingi za mtaani zinaanza bila huo na kuja kufungwa kwa aibu.

Fungueni daftari kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Kila mtoto aandikwe jina, mwaka wa kuzaliwa, shule na darasa (au hasomi), jina na simu ya mzazi au mlezi, ugonjwa unaojulikana kama pumu au kifafa, na nani anaruhusiwa kumchukua. Mzazi asaini. Mtoto anayelelewa na bibi, bibi aweke dole gumba. Asiye na mlezi kabisa, anayelala stendi au sokoni, apokelewe siku hiyohiyo, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe kesho yake. Msimrudishe kwa kukosa fomu.

Kocha asikae na mtoto mmoja peke yake kwenye chumba wala gari. Mtoto asilale kwa kocha hata kama kuna safari alfajiri. Masaji, kubadilisha nguo na kupima misuli ni mbele za watu. Ujumbe wa simu upite kwa mzazi. Kabla ya kumpokea anayejitolea, ulizeni alikotoka: shule aliyofundisha, timu aliyoiacha na sababu ya kuiacha. Mtu anayewatafuta watoto kwa nia mbaya huja akiwa mkarimu kuliko wote, ana muda, ana zawadi. Watoto wote waifahamu namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Iandikeni kwenye ubao wa magoli kama mnao. Na wajue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko kituo gani karibu yenu.

Kuhusu wale wanaoiba: wapokeeni. Ila kocha asiwe mpelelezi. Polisi Kata ajue timu ipo, aje hata kucheza siku moja bila sare, lakini kocha asimpe orodha ya majina, wala uwanja usigeuzwe mahali pa kukamatia watoto. Siku mmoja akikamatwa akitoka mazoezini, kesho wote hawaji. Mkisikia mpango wa kumdhuru mtu, au mtoto anatumikishwa na mtu mzima, hapo lazima mtoe taarifa, na watoto waambiwe mapema kwamba siri ya namna hiyo haifichwi.

Sheria inasaidia kuelewa kwa nini wakubwa wanawatuma wadogo. Kwa Kanuni ya Adhabu, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitike alikuwa na uwezo wa kujua kwamba anachofanya ni kosa. Wakubwa wanalijua hilo, hata kama si kwa vifungu. Lakini kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto; na kwa Kanuni ya Adhabu, anayemtuma mtu kufanya kosa naye ni mkosaji. Mtoto akishtakiwa, kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, na mahabusu za watoto zipo Arusha na Moshi. Akitoka huko, wiki ya kwanza ndiyo ya hatari. Shule inamwogopa, jirani anamsema, kijiwe peke yake ndicho kinampokea kwa shangwe. Siku ya kutoka kwake iandikwe kwenye daftari, na kocha mmoja awepo nyumbani kwao siku hiyo, na jezi yake ya mazoezi mkononi.

Wasiosoma, tafuteni mlango wa kurudi. Aliyekosa shule ya msingi, mwulizeni afisa elimu kata kuhusu darasa la MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa). Aliyeacha sekondari, wakiwemo wasichana waliojifungua, waraka wa serikali wa Novemba 2021 unaruhusu kurudi. Elimu bila ada ipo tangu 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita; kinachomfunga mtoto mara nyingi ni sare, viatu, madaftari na michango. Hizo ni gharama ambazo kamati inaweza kuzibeba kwa watoto wawili watatu bila kelele.

Dada_wa_Netiboli

Naomba wasichana wasiachwe kwenye sentensi ya mwisho. Genge linawatumia pia: kuhifadhi vitu, kumvuta mtu kichochoroni, au kama mpenzi wa mkubwa. Na msichana aliyeko kijiweni haonekani, kwa hiyo hakuna anayemtafuta.

Kuwaalika waje wacheze mpira na wavulana siku ya kwanza hakufanyi kazi, watakuja watatu. Netiboli inawaleta. Uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, unaingia kando ya kiwanja chenu. Wachezaji ni saba kila upande. Nguzo ina urefu wa mita 3.05 na ringi ya kipenyo cha sentimita 38. Fundi wa kuchomelea anatengeneza kwa bomba na nondo. Mwambieni aweke shimo la bomba ardhini na nguzo iwe ya kuchomoa, ilale nyumbani kwa mjumbe. Nguzo iliyojengewa moja kwa moja haimalizi mwezi kabla haijaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kinachomzuia msichana ni kazi za jioni: kuteka maji, kupika, kumbeba mdogo wake. Mruhusuni aje na mdogo. Tandikeni turubai pembeni, mama mmoja awaangalie wadogo, na idadi ya wasichana itapanda bila tangazo lingine. Kikao na akina mama kifanyike siku ya kikundi chao cha kukopa na kuweka, wakiwa wameshakaa, na muwaeleze saa kamili ya kuanza na kumaliza. Mama anakataa "mazoezi jioni". Hakatai "saa kumi hadi kumi na moja na nusu, na dada fulani anawarudisha". Warudi kwa kundi la mtaa mmoja, wakipita njia kuu. Choo chenye mlango unaofungwa kiwe karibu, na taulo za kike ziwe kwenye boksi la huduma ya kwanza pamoja na bandeji. Na kocha mmoja awe mwanamke. Hapo msilegeze.

MjumbeSombetini

Asanteni sana, na hasa Dada, hilo la mdogo mgongoni hatukulifikiria kabisa.

Naomba kurudi kwenye kombe. Mfanyabiashara anasisitiza, na vijana wameshasikia. Tatizo: mechi za ndondo za hapa kwetu na mtaa jirani huishia mawe. Watu wanabeti pembeni, bangi inavutwa nyuma ya goli. Tukikataa kombe tunaonekana tunakataa msaada.

Refa_Kiboriloni

Kombe lichukueni, sharti la mwezi ujao mkatae. Mwambieni: miezi mitatu ya mazoezi, kisha mashindano, na jina lake litatajwa. Asiyekubali hilo alikuwa anataka tangazo, na watoto wenu hawatapungukiwa kitu.

Mashindano yenyewe, msicheze mtaa kwa mtaa. Ukiweka Sombetini upande huu na jirani upande ule, umelipatia genge bendera na mashabiki. Chukueni watoto wa mitaa yote miwili, muwachanganye kwa kura timu sita au nane za watu saba saba, kila timu iwe na watoto wa kila upande, iitwe jina la mlima au mto: Meru, Themi, Kikafu, Weruweru. Nani atamrushia jiwe mwenzake aliyempasia jana?

Kuna mfumo umetoka Medellín, Colombia. Baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994, vijana wa mitaa yenye magenge waliletwa kucheza mechi za mchanganyiko zisizo na refa wa kawaida, na bao la kwanza la timu lilikuwa lazima lifungwe na msichana. Kutokana na hapo umekua mchezo wa vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza timu zinakaa dakika tano hadi kumi zinakubaliana sheria zao. Cha pili ni mechi. Cha tatu wanakaa tena, kila timu inaipa nyingine alama za uungwana. Msuluhishi anasimamia mazungumzo, hapigi filimbi kila kosa. Mnaweza kupanga alama hivi: ushindi 3, sare 2, kufungwa 1, na uungwana hadi 3. Timu iliyoshinda kwa matusi inaweza kupitwa na iliyofungwa kwa heshima, na watoto wanaihesabu hesabu hiyo haraka mno.

Jirani zetu wa Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanza 1987 kiliweka usafi ndani ya ligi: timu ikisafisha mitaro na kuzoa taka inapata pointi kwenye msimamo. Sombetini hamkosi mitaro. Faida yake kubwa naiona ni macho ya wazee: dogo aliyekuwa anaitwa mwizi anaonekana na koleo mkononi mbele ya duka lilelile.

Sasa mambo ya siku yenyewe. Zawadi isiwe pesa. Pesa huleta mamluki wa miaka 22 wenye vyeti vya kuzaliwa vya miaka 16, na huleta wacheza kamari. Toeni mipira, madaftari, begi za shule. Mechi ya mwisho iishe saa 11:30, fainali isipigwe gizani. Muziki wa spika uzimwe mara tu baada ya mechi, kwa sababu watu wakibaki, kijiwe kimehamia kwenu. Nyuma ya magoli wekeni kamba na wazee wawili kila upande. Hapo ndipo bangi na fedha hupita. Na gari la matangazo la kampuni ya kubeti lisipaki uwanjani hata likitoa maji ya bure.

Mwaka wa uchaguzi mtaletewa jezi nyingi zaidi. Pokeeni zisizo na sura ya mtu.

Mpishi_wa_Uji

Naona hakuna aliyegusa njaa. Dogo aliyekula chai kavu asubuhi hakimbii saa kumi na moja, na anayemnunulia chipsi ndiye anayemsikiliza. Kijiwe kinalisha, nanyi lisheni.

Kwa watoto 40, kikombe cha mililita 300 kila mmoja ni lita 12. Unga wa lishe kilo moja na nusu, sukari kilo moja au pungufu, chumvi kidogo. Unga ukorogwe kwanza na maji baridi kwenye beseni mpaka usiwe na madonge, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka huku mtu anakoroga. Chemsha tena dakika 15 kwa moto mdogo. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto unapata madonge, na watoto watamwaga nusu. Watoto wapewe baada ya zoezi, wakiwa wamekaa kwenye duara, na si mlangoni, ili asiyefanya mazoezi asije kuchukua kikombe na kuondoka. Aliyekuja hajala kabisa apewe ndizi mbili kabla ya kuanza.

Maji ya kunywa ni ndoo mbili za lita 20 zenye bomba, yaliyochemshwa, vikombe vingi. Visima vingi vya ukanda wa Arusha vina floraidi, na kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo ulizeni chanzo kabla ya kujaza ndoo.

Hesabu ya miezi mitatu kwa hela yenu: siku 4 kwa wiki 12 ni mazoezi 48. Uji na mkaa vikichukua 10,000 kila siku ni 480,000. Nauli ya makocha wawili, 5,000 kila mmoja kwa siku, ni 480,000 tena. Inabaki 540,000 ya mipira, vizibao, nguzo za netiboli, boksi la huduma ya kwanza na daftari. Inatosha ikiwa hamtanunua jezi. Msiwanyime makocha nauli mkidhani wanajitolea. Anayelipa nauli mfukoni mwake huanza kukosa Jumatano.

KochaWaRau

Mpishi amenifundisha, kweli mfuko uwe hivyo. Nimalizie maswali mawili ya Mjumbe yaliyobaki.

Kujua kama inafanya kazi: makombe na idadi ya watoto siku ya ufunguzi havikuambii kitu. Chagueni watoto kumi ambao kamati yenyewe ina wasiwasi nao, majina yabaki kwa watu wawili tu, na kila mwisho wa mwezi muangalie vitu vinne: amehudhuria mara ngapi kati ya mazoezi kumi na sita, yuko shuleni au hayupo (mwalimu anaulizwa, si mtoto), saa ngapi anaonekana nyumbani jioni, na yupo mtu mzima mmoja ambaye akipata shida anamtafuta. Mahudhurio ya hao kumi yakishuka chini ya nusu huku timu kwa jumla imejaa, mnahudumia watoto wasiokuwa hatarini. Hilo hutokea kimyakimya, kwa sababu kocha yeyote anapenda kufundisha wanaosikia. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo mtu aende kwao, asiende kumgombeza, aende kuuliza tu. Mara nyingi utakuta ameachiwa mgonjwa, au kandambili zimekatika.

La pili, kinachoiua timu, ni kalenda. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba na kidato cha kwanza kinaanza Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba, na wanaoendelea kidato cha tano hukaa nyumbani hadi karibu Julai. Ndani ya miezi hiyo mtoto hana sare, hana kengele, hana anayemuuliza. Vijiwe vinavuna hapo. Kuanzia wiki ya mtihani wa la saba ongezeni zoezi la asubuhi kwa hao waliomaliza, saa 3:00 hadi 5:00, siku tatu kwa wiki, na wapeni kazi: mmoja anatunza mipira, mmoja anajaza daftari la wadogo, mmoja anajifunza urefa. Desemba watu wa Kilimanjaro wanapanda kwenda migombani, vijijini kwao, uwanja unapwaya, na makocha nao wanataka kupumzika. Pangeni zamu mapema ili uwanja usikose makocha, hasa kwa watoto ambao hawana kijiji cha kwenda. Masika nayo, Machi hadi Mei, kiwanja chenu kitakuwa tope. Ombeni darasa au ukumbi wa mtaa kwa bao, drafti, mazoezi ya viungo na ngumi za kivuli. Msiseme "tutaendelea mvua zikiisha".

Wa miaka 15 hadi 17 hawatakaa kwa mpira peke yake. Wanataka hela, na wana haki ya kuitaka. Kila mmoja awe na kitu cha pili ndani ya miezi sita: kozi ya awali ya ukocha au urefa kupitia chama cha mpira cha mkoa, nafasi VETA (vyuo vya ufundi stadi), au kukaa kwa fundi anayeaminika siku mbili kwa wiki. Wanaofika 18 wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani. Wanahitaji katiba, usajili na akaunti ya benki, na hivyo huchukua muda, kwa hiyo msisubiri siku ya kuzaliwa.

Wiki hii nendeni kwa mtendaji wa kata na afisa michezo mkatoe taarifa ya uwanja na saa. Usajili wa klabu kupitia Baraza la Michezo usubiri mpaka timu iwe na miezi mitatu na uongozi unaojulikana. Jumatatu saa kumi kasoro robo makocha wote wawili wawe uwanjani, mipira imejazwa upepo, daftari limefunguliwa. Madogo wa kwanza watafika mapema kuliko mlivyowaambia.